Rybak alianguka saa ngapi?

"Mimi ningekubali mapema kuliko yeye," shemeji alisema, na hakuwa anatania.

Kwenye skrini kulikuwa na theluji, wanajeshi wa Kijerumani na mateka watano wanaopelekwa kunyongwa. Mmoja wao, jamaa mwenye mwili na nguvu zake aitwaye Rybak, alikuwa ametoka tu kupaza sauti kwamba yuko tayari kutumika. Wampe kazi ya upolisi, ataifanya. Wakamtoa kwenye mstari. Wanne waliobaki wakaendelea na safari.

Dada akageuka. "Ungekubali nini, Baba Neema?"

"Kuishi. Mtu aliye hai ndiye anayepanga. Marehemu anapanga nini?"

Nilinyamaza. Maneno ya shemeji ndiyo hasa Rybak anayojiambia filamu nzima, na hadi dakika ile nilikuwa upande wake kuliko upande wa mtu mwingine yeyote.

Filamu yenyewe ni Voskhozhdenie ya mwaka 1977, kazi ya mwongozaji wa Kisovieti Larisa Shepitko. Ukiitafuta, utaipata kwa jina la The Ascent. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na inatokea Belarus wakati wa majira ya baridi chini ya uvamizi wa Wajerumani. Wapiganaji wawili wa msituni, Rybak na Sotnikov, wanatumwa kutafuta chakula. Wanakamatwa. Mmoja anakataa kusema neno na anauawa. Mwingine anapona.

Hicho ndicho kisa chote, na nisingeandika kama kingeishia hapo. Kinachonisumbua wiki hizi ni kwamba nimeirudia filamu nikitafuta dakika ambayo Rybak anageuka, ile ambayo ningeweza kusimamisha picha na kusema: hapa. Sijaipata.

Aliyerudi

Tuanze na haki yake.

Wanapoondoka msituni, Sotnikov ni mgonjwa. Anakohoa, hana nguo za kumtosha kwa baridi ile, na angeweza kabisa kukataa kutumwa. Kabla ya vita alikuwa mwalimu, na jeshini ameongoza kikosi cha mizinga. Rybak ndiye anayejua njia, ndiye anayetafuta mlango wa kubisha, ndiye anayebeba. Ukiniuliza ningependa kwenda safari na yupi, sihitaji kufikiri.

Kisha wanakutana na doria. Risasi zinapigwa, Sotnikov anajeruhiwa mguu na kubaki nyuma. Rybak ameshafika mbali. Amesalimika, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuendelea mbele. Sotnikov mwenyewe ameshakata tamaa, anajiandaa kujipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai.

Rybak anarudi.

Shepitko hakimbii hapa. Tunamwona mtu mmoja akimburuta mwenzake kwenye theluji, wote wawili chini kwa tumbo, nyuso zimejaa barafu, na kinachosikika zaidi ni pumzi. Anavuta, wanasogea kidogo, anapumzika, anavuta tena. Vichaka vinawakwaruza. Picha ilipigwa karibu na mji wa Murom, kwenye baridi inayosemwa kuwa ilifika nyuzi 40 chini ya sifuri, na unaiona: midomo haikunjuki vizuri, vidole havishiki. Vladimir Gostyukhin, anayemwigiza Rybak, alikuwa amewahi kufanya kazi ya kubeba na kupanga samani za jukwaani kwenye jumba la maigizo la jeshi. Anavyomburuta mwenzake, nasadiki kabisa.

Hadi hapo, kama filamu ingekatika kwa umeme kuzima, ungekwenda kulala ukijua shujaa ni nani.

Ndiyo maana nakataa maelezo mepesi kwamba Rybak alikuwa mwoga tangu mwanzo. Mwoga harudi. Kinachomrudisha kwa Sotnikov ni imani yake kwamba uhai unaokoleka, kwamba kila jambo lina njia yake ya kupenya, kwamba muda ukiwepo lolote linawezekana. Ni imani nzuri. Wengi wetu tumelelewa nayo, na imewasaidia wengi kusomesha watoto.

Baadaye imani hiyohiyo ndiyo inayomfikisha kwenye kazi ya kushikilia gogo chini ya miguu ya rafiki yake.

Kondoo wa mzee

Kuna tukio la mapema ambalo mara ya kwanza lilinipita. Kabla ya kukutana na doria, wawili hawa wanaingia nyumbani kwa mzee aliyewekwa kuwa mkuu wa kijiji chini ya Wajerumani. Wanamkuta na Biblia. Rybak anamshambulia kwa maneno: unawatumikia maadui. Mzee hajitetei sana. Wanachukua kondoo wake na kuondoka.

Rybak anaongea kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali lenyewe. Kwake mambo yako wazi: kuna wetu na kuna wao, na mzee yuko upande wa wao kwa sababu ana cheo chao.

Siku moja baadaye wamo pamoja kwenye chumba cha chini ya ardhi. Mzee amekamatwa kwa kushukiwa kuwasaidia wapiganaji. Asubuhi mzee ananyongwa, na Rybak ndiye mwenye ajira kwa Wajerumani.

Shepitko hakuweka muziki wowote wa kutugutusha tuone kinyume hicho. Anakuacha ukumbuke mwenyewe, na kama hukukumbuka, shauri yako.

Kikohozi

Sasa upande wa pili, ambao wanaomsifu Sotnikov huwa wanaupita haraka.

Rybak anampeleka majeruhi kwenye nyumba ya karibu, kwa mwanamke aitwaye Demchikha. Ana watoto watatu wadogo. Hakuwaita, wala hakuapa kiapo chochote cha kupigania nchi. Ana shughuli zake na ana midomo ya kulisha. Wajerumani wanakuja. Wapiganaji wanapanda kujificha darini. Chini mama anahangaika kuongea hili na lile. Juu, Sotnikov anajizuia, anajiziba, anajikaza.

Anakohoa.

Wanakamatwa wote watatu. Mama anapandishwa kwenye kigari pamoja nao, na watoto wanabaki.

Nimesoma watu wakimwita Sotnikov mtakatifu, na filamu inawaunga mkono. Lakini mtakatifu huyu ameingiza kifo kwenye nyumba ya mtu kwa sababu alikubali kutoka kambini akiwa na kikohozi kile. Naye anajua. Asubuhi ya kunyongwa anajitokeza kusema kwamba mpiganaji ni yeye, kwamba wengine hawana hatia, waachiwe. Haisaidii kitu. Amewahi kufikiri kwamba atalipa deni lake kwa mwili wake, na anagundua kwamba wakopeshaji hawataki malipo hayo.

Kwa Demchikha, tofauti kati ya Sotnikov aliyenyamaza na Rybak aliyesema ina thamani gani? Amekufa vilevile. Watoto wamebaki vilevile. Sina jibu la swali hili, na sidhani kama filamu inalo, ingawa inajitahidi kwa muziki wa Alfred Schnittke na nyuso zinazomulikwa kutufanya tuhisi kwamba lipo.

Mwalimu wa kwaya

Anayewahoji si Mjerumani. Ni mwenyeji, jina lake Portnov, ambaye kabla ya vita alikuwa akisimamia jumba la utamaduni na kufundisha kwaya ya watoto. Sasa ni mkubwa wa polisi wasaidizi pale mjini. Anaigizwa na Anatoly Solonitsyn, na ni mtu mkimya, mwembamba, mwenye macho ya kuchoka. Hapigi kelele. Kazi ya mateso anawaachia wengine.

Hoja yake kwa Sotnikov ni kwamba ushujaa ni mapambo tu. Kila mtu ana mahali anapovunjika, na yeye kazi yake ni kupatafuta. Anaposhindwa kwa maneno, wanamchoma Sotnikov kifuani kwa chuma cha moto chenye umbo la nyota. Sotnikov hasemi.

Nilidhani Portnov anamchukia. Nilipotazama tena niliona jambo baya zaidi: anamhitaji. Mwalimu huyu wa kwaya alishavunjika zamani, na ili alale usiku lazima aamini kwamba na mwalimu mwenzake angevunjika. Sotnikov akibaki mzima, basi Portnov naye aliwahi kuwa na nafasi ya kukataa, na hakuitumia.

Kwa Rybak hana shida hiyo. Rybak ni mteja rahisi. Anajibu.

Ukweli mdogo

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kwingine kote, nikirudisha nyuma na kutazama tena.

Rybak hasemi kila kitu. Anajibu yale anayodhani wanayajua tayari. Anapima, anatoa kidogo, anazuia kikubwa, kama mtu anayepatana bei sokoni akiwa na uhakika kwamba muuzaji atachoka kabla yake. Hesabu yake inaeleweka: nikiwapa kidogo wasichokihitaji, napata siku moja. Siku moja ikipatikana, usiku wake natoroka. Nikitoroka, narudi msituni, na yote haya yanakuwa mbinu za kivita.

Shemeji alikuwa akitikisa kichwa kwa kukubali. Na mimi pia.

Shida ni kwamba kila hatua anayopiga, akiitazama peke yake, inaonekana kuwa na kurudi. Kujibu swali la kwanza kuna kurudi. Kukubali kuwafikiria kuna kurudi. Kuvaa kitambaa cha mkononi, kuna kurudi. Kushikilia gogo ambalo mwenzako amesimama juu yake na kamba shingoni, hata hapo Rybak bado anajiambia kwamba kuna kurudi. Hakuna hatua iliyoandikwa kwamba hii ndiyo ya mwisho. Anapokuja kugeuka nyuma, njia haipo, na hakumbuki ilipokatikia.

Kisa hiki hakikutoka hewani. Vasil Bykaŭ, mwandishi wa Belarus aliyetunga riwaya fupi ya Sotnikov iliyotoka mwaka 1970, alipigana vita hiyo tangu akiwa kijana mdogo, na aliwahi kuhesabiwa miongoni mwa waliokufa huku yu hai. Alisimulia kwamba mwaka 1944, huko Romania, aliona kundi la mateka waliokuwa wakipigana upande wa Wajerumani, na katikati yao akamtambua mwenzake wa zamani jeshini, mtu ambaye kikosi kilikuwa kimemhesabu kuwa marehemu. Jamaa alikuwa amejeruhiwa, akatekwa, akaona wanavyokufa kambini, akajiandikisha kwa adui kwa nia ya kutoroka nafasi ikipatikana. Nafasi haikupatikana. Siku baada ya siku akazidi kuzama.

Kufa kambini hakukuwa kitisho cha maneno. Kati ya wanajeshi wa Kisovieti takriban milioni 5.7 waliotekwa na Wajerumani, takriban milioni 3.3 walikufa, wengi kwa njaa, baridi na maradhi. Na nyumbani hakukuwa na mikono ya kuwapokea. Agosti 1941 Stalin alitoa Amri Namba 270: ofisa anayejisalimisha ahesabiwe mtoro, familia yake ikamatwe, familia za askari wa kawaida waliojisalimisha zinyimwe msaada wa serikali.

Kwa hiyo mtu kama Rybak alikuwa amebanwa pande zote. Nalisema hili kwa sababu ni rahisi mno kukaa kwenye kochi, tumbo limeshiba, na kumwambia mtu wa mwaka 1942 kwamba angechagua kufa.

Hata hivyo wapo waliochagua. Binti wa Kiyahudi aliyemo nao kwenye chumba kile, Basya, ni mtoto, na anakataa kumtaja aliyemficha. Wanamnyonga. Wakati wowote nikitaka kumpa Rybak udhuru wote, Basya ananikatiza.

Ugomvi wangu na mwongozaji

Sipendi jinsi Sotnikov anavyomulikwa.

Kadiri kifo kinavyokaribia, uso wake unakuwa uso wa sanamu ya kanisani. Macho makubwa, ndevu, mwanga usiojulikana unakotoka. Shepitko alimtafuta mwigizaji asiyejulikana kwa ajili ya uso huo na akampata Boris Plotnikov kwenye jumba la maigizo la Sverdlovsk. Baada ya kunyongwa, kuna sauti inayomwita Rybak Yuda. Kama ulikuwa bado hujaelewa, sasa umeambiwa.

Wakubwa wa sinema wa Kisovieti nao hawakupenda, kwa sababu zao: hadithi ya wapiganaji wa chama imegeuka kuwa Injili. Filamu ilikuwa hatarini kufungiwa. Iliokolewa baada ya kutazamwa na Pyotr Masherov, kiongozi wa chama huko Belarus, ambaye mwenyewe alikuwa mpiganaji wa msituni na ambaye mama yake aliuawa na Wajerumani. Inasimuliwa kwamba alitazama akalia. Mwaka huohuo, 1977, ikashinda Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la Berlin, tuzo ya juu kabisa pale, mbele ya Wajerumani wenyewe.

Ninachokigombea ni kwamba Injili inatupa nafasi ya kupumua. Tukishamwona Kristo na Yuda, tunajua pa kujiweka. Hakuna anayekaa kutazama filamu na kujiona Yuda. Riwaya ya Bykaŭ ni kavu zaidi, inaingia kichwani mwa wote wawili na kukaa humo, na Sotnikov wa kwenye kurasa ni mtu mgumu, mwenye hasira, asiyependeza sana. Huyo namwamini zaidi.

Lakini namwelewa Shepitko. Aliisoma hadithi hii kipindi ambacho alikuwa mjamzito na ameumia uti wa mgongo, amelazwa hospitali kwa miezi, bila uhakika kama yeye au mtoto wangetoka salama. Mtu aliyelala hivyo hatafuti maelezo ya jinsi watu wanavyovunjika. Anatafuta kuona kwamba inawezekana kutovunjika. Mtoto alizaliwa salama. Filamu ikatengenezwa. Julai 1979, akiwa na umri wa miaka 41, Shepitko alifariki kwa ajali ya gari pamoja na wenzake kadhaa wa kazi, akiwemo mpigapicha wa filamu hii, Vladimir Chukhnov. Mumewe, Elem Klimov, ndiye aliyemalizia filamu aliyokuwa ameianza.

Choo, mkanda, geti

Baada ya kunyongwa wenzake, Rybak anarudi na polisi wapya wenzake kambini. Anaingia chooni, chumba cha mbao cha uani. Anavua mkanda na kujaribu kujinyonga. Anashindwa. Kabla ya hapo tumeshaona akifikiria kukimbia, na kwenye fikra zake mwenyewe anapigwa risasi. Kila mlango anaoujaribu kichwani unafungwa.

Dada alicheka kidogo pale chooni, kisha akajizuia. Nadhani alikuwa sahihi kucheka. Kuna kitu cha aibu hasa, jitu zima lile limesimama na suruali inayolegea, mkanda haukubali. Mwili ule uliomburuta Sotnikov kwenye theluji bado una nguvu zake zote, na hautaki kufa. Haukuwahi kutaka kufa, na ndiyo shida yake toka mwanzo.

Mwenzake anamwita kutoka nje: mkubwa anakutaka. Rybak anatoka. Geti la kambi liko wazi na nje yake kuna theluji na uwazi. Anatazama, analia, anacheka. Haendi.

Shepitko anamwachia hapo. Historia haikuwaachia watu wa aina hiyo hapo.

Tarehe 22 Machi 1943, kijiji cha Khatyn huko Belarus kilichomwa moto pamoja na wakazi wake waliofungiwa ghalani. Walikufa watu 149, kati yao watoto 75. Kwenye operesheni ile kilikuwepo kikosi cha polisi wasaidizi namba 118, na humo walikuwemo wanajeshi wa zamani wa Kisovieti waliotekwa na kubadili upande. Mnadhimu mkuu wa kikosi hicho, Grigory Vasyura, alikuwa ofisa wa Kisovieti aliyetekwa mwaka 1941. Baada ya vita alificha aliyoyafanya Khatyn, akaishi Ukraine akiwa naibu mkurugenzi wa shamba la serikali, hadi alipofikishwa mahakamani Minsk mwaka 1986 na kuhukumiwa kifo.

Sitaki kusema Rybak angekuwa Vasyura. Vasyura alipanda cheo, na aliyemsukuma kupanda sijui kama alikuwepo. Rybak hakuthibitisha lolote zaidi ya kwamba alitaka kuishi. Lakini nilipomweleza shemeji habari za kesi ile, hakuuliza kuhusu Vasyura. Aliuliza kuhusu wale wa chini yake, kwa sababu baadhi ya mashahidi waliosimama Minsk walikuwa wenzake wa zamani wa kikosi kilekile. Alitaka kujua kama nao waliingia kwa kupanga kutoroka. Nikamwambia bila shaka wapo walioingia hivyo.

"Na walikuwepo ghalani?"

Walikuwepo.